Chama cha Wachora Manga wa Japani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wasomaji wa manga (vibonzo vya Kijapani), wachora vibonzo wa kwetu, na yeyote anayejiuliza mchoraji wa Kijapani humkimbilia nani mkataba unapomkaba, mwili unapogoma au kazi yake inapoibwa mchana kweupe. Vyombo vya kumsaidia viko kadhaa. Kikongwe, na chenye sauti inayosikika zaidi serikalini, ni Nihon Mangaka Kyokai, ambacho humu tutakiita tu chama.

Chama hiki ni nini hasa?

Ni chama cha kitaaluma cha watu wanaoishi kwa kuchora katuni na manga nchini Japani. Kilianzishwa mwaka 1964, makao yake yako Tokyo, na kimesajiliwa kama taasisi ya manufaa ya umma isiyogawana faida. Hakichapishi majarida ya manga yale unayoyajua, hakimiliki wahusika wowote, na hakimtafutii mtu kazi. Ukimpelekea mchoraji chipukizi habari za chama akitumaini ndicho kitakachomtoa, utampotezea muda. Mlango wa kazi Japani bado ni dawati la mhariri: unabeba kurasa zako, unaomba miadi kwenye ofisi ya jarida, unakaa mbele ya mtu anayezipekua huku wewe ukimtazama macho.

Kwa nini kilianza 1964 na si mapema au baadaye?

Kwa sababu waliokianzisha si wale unaowadhania. Leo ukisema manga, watu wanawaza hadithi ndefu za majarida ya kila wiki. Lakini mwenyekiti wa kwanza wa chama, Kondo Hidezo, alikuwa mchora katuni za siasa, mtu wa kuwachora mawaziri wenye pua ndefu na mashavu yaliyolegea. Mwaka 1932, akiwa kijana, yeye na wenzake Yokoyama Ryuichi na Sugiura Yukio waliunda kundi ili wapate nafasi kwenye magazeti yaliyokuwa yameshikwa na wakongwe. Somo la kwamba mchoraji mmoja mmoja hana nguvu mbele ya mwenye gazeti walilipata mapema, miongo mitatu kabla ya chama.

Wakati huohuo upepo ulikuwa unageuka. Machi 1959 majarida mawili ya kwanza ya kila wiki ya manga za wavulana yalitoka karibu kwa pamoja, na vijana waliochora hadithi za watoto wakaanza kuuza kuliko wazee wa katuni za magazeti. Heshima haikwenda sambamba na mauzo. Katika miaka ya 1950 manga za watoto zilikuwa zimepigwa vita na wazazi na walimu kama vitabu vinavyoharibu watoto, na ndani ya fani yenyewe mchora hadithi za watoto alihesabiwa mdogo wa mchora katuni za watu wazima. Chama kilizaliwa katikati ya hali hiyo, chini ya wale wakubwa. Ndiyo maana hadi leo kinahesabu katuni ya picha moja na manga ya hadithi kama ndugu wawili wenye haki sawa, hata kama fedha karibu zote ziko kwa mmoja.

Nani wamekiongoza?

Orodha ni ndefu, nitawataja wanne tu. Baada ya Kondo walifuata wachora katuni wengine. Kuanzia mwaka 2000 hadi 2012 kiti kilikuwa cha Yanase Takashi, mzaliwa wa 1919, baba wa Anpanman, yule shujaa wa watoto mwenye kichwa cha mkate wa kunde tamu. Alikabidhi akiwa na zaidi ya miaka 90, akafariki mwaka uliofuata. Chiba Tetsuya, aliyekulia Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, na kurudi Japani kama mkimbizi mtoto baada ya vita, akashika hadi 2018, kisha akamwachia Satonaka Machiko na yeye akawa rais wa chama. Satonaka alishinda shindano la wachoraji wapya mwaka 1964 akiwa na miaka 16, bado mwanafunzi, na tangu hapo hajaweka kalamu chini wala hajanyamaza kwenye mikutano ya serikali.

Mwaka 2024 Chiba alipewa Nishani ya Utamaduni, heshima ya juu kabisa ya taifa kwa watu wa sanaa na elimu. Hakuna mchora manga aliyewahi kuipata kabla yake. Fani iliyowahi kuitwa uchafu ilisubiri muda mrefu.

Je, ni chama cha wafanyakazi? Kinaweza kuitisha mgomo?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapokitarajia makubwa kuliko uwezo wake. Mchora manga wa Japani si mwajiriwa wa kampuni inayomchapisha. Ni mtu aliyejiajiri, anayeuza kazi kwa makubaliano. Hana mshahara, hana likizo ya ugonjwa, hana kiinua mgongo. Mara nyingi yeye mwenyewe ni bosi: anawalipa wasaidizi wanaochora majengo, vivuli na umati wa watu.

Malipo yako ya namna mbili. Kwanza ni ada ya ukurasa jaridani. Viwango vinavyotajwa hadharani kwa mgeni huwa karibu yeni 10,000 kwa ukurasa wa nyeusi na nyeupe, na kutoka humo ndimo hutoka kodi ya chumba, karatasi, wino na mishahara ya wasaidizi. Anayechora kurasa 18 au 20 kila wiki anaweza kumaliza mwezi akiwa hana kitu. Pili ni mirabaha ya kitabu, ambayo kwa desturi ni kama asilimia 10 ya bei, ikihesabiwa kwa nakala zilizochapwa. Kitabu cha yeni 500 kikichapwa nakala 10,000, mchoraji anapata yeni 500,000. Kisipochapwa kabisa kama kitabu, anabaki na ada ya ukurasa na usingizi uliopotea.

Chama hakipangi ada hiyo wala hakiketi mezani kwa niaba ya wanachama kudai ipandishwe. Kinachofanya ni kutoa ushauri, kueleza sheria kwa lugha ya mchoraji, na kusema hadharani mambo ambayo mchoraji mmoja akiyasema mbele ya mhariri wake anaona kama anajichimbia kaburi. Wanaokidharau kwa kukosa mgomo wana hoja. Lakini sijaona chombo kingine kilichowaweka meza moja mchoraji wa mamilioni na yule wa mkono kwenda kinywani.

Basi kwa nini watu hujiunga?

Ukiwauliza wachoraji wenyewe, wengi hawataanza na hotuba kuhusu utamaduni. Wataanza na bima ya afya.

Japani kila mkazi lazima awe na bima. Mwajiriwa anakatiwa kupitia kampuni, na mwajiri anachangia nusu. Aliyejiajiri anakwenda kwenye bima ya manispaa anamoishi, ambako mchango hupanda kadiri kipato kinavyopanda. Sasa mfikirie mchoraji. Miaka mitano amekula wali mtupu, mwaka wa sita kitabu kimoja kinalipuka. Mwaka unaofuata manispaa inamletea hesabu ya bima iliyokokotolewa kwa kipato cha mwaka ule wa neema, wakati hadithi yenyewe huenda imeshasitishwa.

Kuna mfuko maalumu wa bima wa watu wa fasihi na sanaa, Bungei Bijutsu Kokumin Kenko Hoken, ambao mchango wake ni kiasi kimoja kwa mwezi bila kujali umepata kiasi gani. Ili uingie, lazima uwe mwanachama wa moja ya vyama vinavyotambuliwa na mfuko huo, na chama cha wachora manga ni kimojawapo. Kwa mtu ambaye kipato chake kinaruka kama mapigo ya moyo wa mwizi, kujua mwezi ujao utalipa kiasi gani ni nusu ya matibabu.

Tahadhari ni hii: mpango huo haumfai kila mtu. Mwenye kipato kidogo sana anaweza kulipa pungufu kwenye bima ya manispaa. Anayekwambia ujiunge na chama bila kukuuliza ulipata nini mwaka jana hajui anachokisema.

Na suala la afya si la kupamba hadithi. Watazame wachora manga hawa maarufu. Tezuka Osamu alifariki 1989 akiwa na miaka 60. Ishinomori Shotaro, 1998, miaka 60. Fujiko F. Fujio, 1996, miaka 62. Miura Kentaro, 2021, miaka 54. Kila kifo kina sababu yake, lakini kazi ya kukaa kitini usiku kucha wiki baada ya wiki kwa miongo si kazi ya kuchezea.

Hakimiliki ya manga ni ya nani, mchoraji au kampuni?

Kwa desturi ya Japani, ya mchoraji. Kampuni hupewa haki ya kuchapisha kwa mkataba, na huweza kupewa uwakilishi wa mambo mengine kama anime, wanasesere na nguo. Hii ni tofauti kubwa na utaratibu wa kampuni nyingi kubwa za vibonzo vya Marekani, ambako kwa miongo mingi mhusika alikuwa mali ya kampuni na mchoraji kibarua. Mwandishi wa Japani pia ana haki ya kutobadilishiwa kazi yake kinyume na matakwa yake, iliyo kwenye Kifungu cha 20 cha Sheria ya Hakimiliki.

Karatasi ni karatasi, maisha ni maisha. Manga inapogeuzwa tamthilia ya televisheni, kati ya mchoraji na mwandishi wa tamthilia kuna mhariri, idara ya haki za kampuni, mtayarishaji, na huenda mchoraji asijue kilichobadilishwa mpaka karibu na kurekodi. Januari 2024 mgogoro wa namna hiyo uliishia kwa kifo cha mchoraji aliyelalamika hadharani, na nchi nzima ikalizungumzia. Ushauri ambao mashirika ya wachoraji yanaurudia ni uleule: masharti yaandikwe kabla ya kusaini. Sheria mpya ya kuwalinda waliojiajiri, iliyoanza Novemba 2024, sasa inamlazimu anayetoa kazi kuandika masharti na kulipa ndani ya siku 60 tangu kupokea kazi. Katika fani iliyozoea "tutaongea baadaye", hilo si dogo.

Uharamia unawaumiza kiasi gani?

Kisa kinachokumbukwa zaidi ni cha Mangamura, tovuti iliyoweka manga kwa maelfu bure, bila ruhusa, hadi ilipofungwa Aprili 2018. CODA, taasisi ya Japani inayopambana na uharamia, ilikadiria hasara kuwa zaidi ya yeni bilioni 300 katika miezi michache. Makadirio hayo yanabishaniwa, kwani si kila aliyesoma bure angenunua. Aliyeiendesha alikamatwa nje ya nchi mwaka 2019, na Juni 2021 mahakama ya Fukuoka ikamhukumu kifungo cha miaka 3 na faini ya yeni milioni 10. Aprili 2024 mahakama ya Tokyo iliamuru kampuni tatu za uchapishaji zilipwe fidia ya takriban yeni bilioni 1.7.

Chama kilitoa tamko mapema, Februari 2018, wakati tovuti ingali hai. Hakikuwatukana wasomaji. Kiini chake kilikuwa kwamba wanaovuna ni watu wasiochangia hata tone la wino, na kwamba hali ikiendelea hivyo kutakuwa hakuna wa kuchora.

Ni kweli chama kilipinga sheria ya kuzuia uharamia?

Ni kweli, na kwangu hiki ndicho kitendo chake bora zaidi.

Baada ya Mangamura, serikali ilikuja na muswada. Kupakua muziki na video za wizi tayari kulikuwa kosa. Sasa walitaka kosa hilo lihusu kila kitu: picha, maandishi, hata kunasa skrini ya simu. Kwa juu juu ungedhani wachoraji wangepiga makofi, maana wao ndio walioibiwa. Badala yake, Februari 2019 chama kilitoa tamko kikionyesha wasiwasi na kuomba muswada ufikiriwe upya.

Sababu zao zilitoka mezani pa kuchorea. Mchoraji anaishi kwa kukusanya picha. Anataka kuchora mlango wa hekalu, anatafuta picha 30 za milango, anazihifadhi. Anataka kujua kanzu inakunjikaje mtu akikimbia, anahifadhi. Nyingine zimewekwa mtandaoni na mtu asiye mwenye picha, na mchoraji hana njia ya kujua. Sheria pana namna ile ingemgeuza mhalifu yuleyule inayedai kumlinda. Ingemtia hofu pia kijana anayehifadhi ukurasa mmoja autazame usiku ajifunze kuchora mikono, na kijana huyo ndiye mchoraji wa kesho.

Machi 2019 chama tawala kikaacha kuupeleka muswada bungeni. Kilichofuata ni mazungumzo, na Novemba mwaka huo chama na wachapishaji, ambao mwanzoni hawakuwa wakiona mambo sawasawa, wakatoa tamko la pamoja. Sheria iliyopitishwa Juni 2020 na kuanza Januari 2021 ilikuja na mipaka: kupakua vitu vidogo, kama fremu chache kutoka hadithi ndefu, si kosa, kazi za mashabiki zilizotokana na manga zimeachwa nje, na adhabu ya jinai ni kwa anayejua anachofanya na kukirudia.

Mmoja wa waliosukuma jambo hilo ni Akamatsu Ken, mchora manga aliyekuwa kwenye uongozi wa chama. Julai 2022 aligombea Baraza la Juu la Bunge kupitia chama tawala na kupata kura zaidi ya 520,000, nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote kwenye orodha ya chama chake. Wapo wasiopenda siasa za chama alichochagua. Lakini wachoraji walipata mtu bungeni anayejua kalamu inashikwaje.

Vipi kuhusu udhibiti wa maudhui?

Mwaka 2010 serikali ya jiji la Tokyo ilileta marekebisho ya kanuni ya malezi ya vijana, yakilenga michoro ya wahusika wanaoonekana kuwa chini ya miaka 18. Mhusika wa kuchorwa hana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo maneno ya muswada yaliacha kila kitu mikononi mwa atakayesoma. Chiba, Satonaka, na wachora manga wenzao Nagai Go na Takemiya Keiko walikwenda wenyewe kwenye baraza la jiji mwezi Machi kueleza hofu yao. Muswada wa kwanza ulianguka Juni. Wa pili, ulioandikwa upya, ulipita Desemba. Kwa hiyo ni ushindi nusu, na nusu nyingine bado inajadiliwa kila mhariri anapompigia mchoraji simu kumwambia "ukurasa huu tuupunguze makali".

Kwa nini suala la kodi na ankara liliwachoma sana?

Tangu Oktoba 2023 Japani ina utaratibu mpya wa ankara katika kodi ya matumizi, ambayo ni sawa na VAT yetu. Zamani aliyejiajiri akiuza chini ya yeni milioni 10 kwa mwaka alisamehewa. Bado anaweza kusamehewa, lakini mteja wake hawezi tena kurejeshewa kodi kikamilifu bila ankara yenye namba ya usajili. Matokeo yake mdogo anabanwa: ajisajili aanze kulipa kodi, au akubali kupunjwa, au mteja aende kwa mwingine. Na msaidizi wa mchoraji ni mdogo wa mdogo, kwani mteja wake ni mchoraji mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa nje halioni upesi. Wachora manga wengi hufanya kazi kwa jina la kalamu na hawaonyeshi sura. Namba ya usajili inaweza kutafutwa kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi, na jina halisi linatokea. Kwa mchoraji wa kike anayeishi peke yake na mwenye mashabiki wasiojua mipaka, hilo ni suala la usalama wake nyumbani. Wachora manga waliungana na makundi ya waigizaji wa sauti, watu wa anime na wa jukwaani kupinga. Utaratibu ulianza hata hivyo.

Msimamo kuhusu akili mnemba ni upi?

Sheria ya Japani, Kifungu cha 30-4 kilichoanza kutumika 2019, inaruhusu kwa upana kazi zenye hakimiliki zitumike kuchambua data, ikiwemo kufundishia mashine, mradi maslahi ya mwenye kazi yasiumizwe isivyo haki. Wakati inaandikwa, wachache walifikiria mashine itakayochora.

Oktoba 2025, video zinazofanana mno na anime za Kijapani zilipoenea kutokana na Sora 2, programu ya akili mnemba inayotengeneza video, chama kilitoa tamko pamoja na jumuiya ya watayarishaji wa anime na wachapishaji wakubwa. Walidai mambo yanayoeleweka hata sokoni: omba ruhusa kwanza badala ya kumwachia mwenye mali kazi ya kukataa, sema umefundishia nini, na lipa. Hawakusema teknolojia ifungwe. Wachoraji wengi wamekuwa wakitumia kompyuta kwa vivuli na mandhari kwa miaka.

Chama kinatoa tuzo?

Ndiyo, tangu 1972. Kuna tuzo kuu ya upande wa hadithi na ya upande wa katuni, na ipo pia tuzo ya waziri wa elimu. Tofauti yake na tuzo za kampuni ya uchapishaji ya Kodansha au za gazeti la Asahi ni kwamba hizi hutolewa na watu wa fani yenyewe, hivyo wakati mwingine humwangukia mtu asiyeuza sana lakini ambaye wenzake wanamvulia kofia.

Siku ya Manga ni lini?

Novemba 3. Chama na wachapishaji waliitangaza 2002. Ni siku ya mapumziko ya Utamaduni Japani, na pia ndiyo siku aliyozaliwa Tezuka.

Kurasa asili hupelekwa wapi mchoraji akifa?

Swali hili linamkosesha Satonaka usingizi kwa miaka. Ukurasa asili wa manga ya zamani ni karatasi nene ya ukubwa wa B4, yenye mistari ya samawati hafifu ambayo haitokei kwenye uchapaji. Ukiuinamisha kwenye mwanga unaona wino wa kalamu ya G, ile ya ncha ya chuma ya kuchovya, ukiwa umekauka kwa unene tofauti, rangi nyeupe iliyopakwa juu ya makosa, na vivuli vya kubandika vilivyokatwa kwa wembe. Maneno ya wahusika ni vijikaratasi vilivyochapwa kando na kugundishwa kwenye viputo. Gundi ile huwa ya kahawia, vijikaratasi hudondoka, vivuli hujikunja na kusinyaa. Baada ya miaka 50 ukurasa unaanza kujivua nguo.

Zamani wachapishaji walizichukulia kurasa hizi kama malighafi ya kiwandani. Nyingine zilipotea, nyingine ziligawiwa wasomaji kama zawadi, nyingine ziliibwa zikauzwa madukani. Mwaka 2008 mchoraji Raiku Makoto alimshtaki mchapishaji wake kwa kupoteza kurasa zake za rangi, wakamaliza kwa suluhu ya yeni milioni 2.55. Familia nayo ina taabu yake: mzee akifariki, kabati limejaa kurasa elfu kadhaa, mamlaka ya kodi inaweza kuuliza thamani yake ni nini, na nyumba ni ya kupanga.

Jumba la makumbusho la manga la Yokote Masuda, huko Akita, limejitwisha kazi hii na linahifadhi zaidi ya kurasa asili 400,000. Kyoto nako kuna makumbusho yaliyofunguliwa 2006 ndani ya shule ya msingi ya zamani, ingawa nguvu yake kubwa ni vitabu na majarida. Satonaka na wenzake wamekuwa wakiiomba serikali kituo cha taifa. Mpango wa mwaka 2009 uliuawa na siasa baada ya kubezwa kuwa ni "mgahawa wa manga wa serikali". Watu waliocheka wakati ule hawakuwahi kufungua kabati hilo.

Mimi nachora nikiwa Dar es Salaam, Mombasa au Goma. Naweza kunufaika?

Kwa uanachama, sahau kwanza. Faida zake zimefungwa kwenye maisha ya Japani: bima inataka uwe mkazi, ushauri unahusu sheria na kodi za huko, mikutano ni kwa Kijapani.

Mlango uliofunguliwa kwa wageni ni mwingine kabisa, na si wa chama: Tuzo ya Kimataifa ya Manga ya Japani, inayotolewa na Wizara ya Mambo ya Nje ya huko tangu 2007. Kazi lazima iwe imechorwa nje ya Japani, iwe na angalau kurasa 24, na isiwe ya zamani sana. Kwa kawaida wanataka ya miaka mitatu iliyopita. Washindi wa juu hualikwa Japani kukutana na wachapishaji na wachoraji. Fuatilia matangazo ya ubalozi wa Japani ulio karibu nawe, kwani tarehe hubadilika kila mwaka.

Na kama wewe ni msomaji tu, Kenya na Tanzania zote ziko kwenye Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, sawa na Japani, kwa hiyo manga iliyoskaniwa kinyemela ni ya wizi Kariakoo kama ilivyo Tokyo. Huna haja nayo. MANGA Plus, huduma ya kusoma manga mtandaoni iliyoanzishwa na kampuni ya uchapishaji ya Shueisha mwaka 2019, inafunguka huku kwetu kwa Kiingereza na Kifaransa, na sura za mwanzo na za karibuni za hadithi nyingi ni bure. Soma wikendi, maana sura mpya za majarida ya kila wiki huingia Jumapili.